Boti ya Viti Vinne

Mimi huwa sibembelezi mteja. Akichagua vibaya namwambia usoni, na wengine wananuna wanaenda kwa mafundi boti wengine hapo mbele. Waende. Siku ile ya Mzee Owuor tu ndiyo nilifyata ulimi, na mpaka leo najichukia.

Mzee alikuwa ameuza sangara pale soko la Mwaloni miaka thelathini, halafu akarudi kwao kisiwani kupumzika. Hakupumzika. Mkewe, Mama Selina, akapata saratani ya mgongo, ikawa kila wiki mbili wanavuka kuja hospitali. Mtumbwi ulikuwa unamtesa, kila wimbi likipiga analia. Ndiyo wakaja karakana kwangu Kirumba kutafuta boti ya maboya, ile yenye sakafu bapa juu ya maboya mawili marefu. Ile haiyumbi ovyo.

Nilikuwa nazo mbili. Ndogo ilikuwa na viti vinne vya chuma, vimejaa sakafu yote. Kubwa ilikuwa na mabenchi pembeni, katikati peupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Farouk."

Alikuwa amebaki mifupa. Mzee akapanda ile kubwa, akaanza kupima katikati kwa hatua. Moja, mbili, tatu.

"Baba Selina," mkewe akamwita, "unampimia nani hapo?"

Mzee akarudi mwanzo, akaanza kuhesabu hatua upya.

"Si nakuuliza?"

"Napima tu, mama. Ukichoka upate pa kulala."

"Anayevushwa amelala ni maiti. Mimi nitakaa kama watu wengine. Usinichurie!"

Jamani, hapo ungesema nini? Mzee alishuka, akanitazama mimi. Nami nilijua. Baba yangu aliondoka na ugonjwa huo huo, na mwishoni hakuweza kukaa hata kula. Lakini mgonjwa haambiwi kwamba atazidiwa, hiyo si adabu. Nikajichekesha kama bwege, nikasema, "Mama huyu atatuzika sisi sote!" Akacheka, maskini, mpaka akashika mbavu. Wakachukua ndogo, na mimi nikajiona muungwana kweli.

Hata miezi miwili haikuisha. Jumanne moja asubuhi nikaona ile boti ndogo inakuja polepole, Mzee anaendesha mwenyewe. Mama Selina alikuwa kwenye kiti cha mbele, amefungwa kwa khanga mbili, moja kifuani, moja kiunoni. Kichwa kimelalia bega. Nikaingia majini kuipokea.

"Alishindwa kukaa, Farouk," Mzee akasema kabla sijamsalimu. "Nikamfunga asianguke. Njia nzima ananiomba nimlaze. Nimlaze wapi? Hata pa kuweka mguu hakuna. Afadhali sasa ametulia, nadhani maumivu yamepungua."

Nikamshika mama mkono. Ulikuwa wa baridi. Inna lillahi.

"Mzee," nikamwambia, "mama ametutoka."

Hakupiga kelele. Alifungua khanga zile mwenyewe, taratibu, anamwomba radhi kwa Kijaluo, na mafundo yalikuwa yamekaza kwa sababu ya maji. Wanawake wa dagaa waliokuwa karibu wakaanza kulia. Mmoja akaleta shuka.

Mzee akasema anamrudisha nyumbani sasa hivi, kwa boti hiyo hiyo, ila hawezi kumrudisha amekaa. Nikachukua spana. Kila kiti kilikuwa na nati nne. Nilifungua huku machozi yananitoka, na kila nati iliyolegea nilitamani ardhi inimeze. Robo saa tu, viti vyote viko mchangani. Tukamlaza mama amenyooka, na nafasi ikabaki.

Mzee alivitazama viti vile, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe vinatoka?"

"Vinatoka, mzee."