Fundi Aliyemwonea Mkewe Kijicho

Wivu wa mapenzi kila mtu anaujua, hauhitaji kuhadithiwa. Wa Fundi Bisibisi ulikuwa wa aina yake. Hakuwa na wasiwasi na mwanamume yeyote. Kilichomkera ni wateja kuingia kibandani, kumpita yeye na miwani yake, na kuuliza, "Mama Pacha yupo?"

Mama Pacha ni mkewe. Miaka kumi na minne Bisibisi alitengeneza laptopu peke yake, mkewe akaja kumpunguzia kazi ndogondogo: kufuta vumbi, kupanga skrubu kwenye vifuniko vya chupa. Kumbe macho hayakuwa yamelala. Mwaka wa tatu akawa fundi, tena fundi wa kutajwa. Mumewe alisema amefurahi. Uliofurahi ni mdomo; rohoni alikuwa na donge la kumkaba mtu.

Siku hiyo aliingia mwalimu mkuu na laptopu kwapani. Vitufe vinne vya katikati vilikuwa vimekufa ganzi, na alikuwa anatunga mitihani. "Mkinitengenezea hii, na zile kumi na mbili za shule nawaletea nyinyi," alisema, halafu, maskini, akamnyooshea Mama Pacha.

"Lete hapa," Bisibisi akasema, na kuidaka kabla mkono wa mkewe haujafika.

Akafanya yanayofanywa. Akaizima, akaiwasha. Akaiinamisha, akapuliza, akapitisha brashi. Akachomeka kibodi ya nje, ikaandika bila matata, kwa hiyo ubovu ulikuwa kwenye kibodi ya laptopu yenyewe. Kibodi ile huchomolewa kwa juu, wala hufungui chini. Akaitoa, akaweka mpya, vitufe vyote vikaitika. Siku ya tatu mwalimu mkuu huyo mlangoni: vinne vilevile, palepale katikati.

Hapo mwenye akili zake angemuuliza mwenzake aliyekaa hatua mbili tu kutoka kwake. Bisibisi? Afadhali atafune skrubu. Akaenda mwenyewe kununua kibodi nyingine.

Aliporudi alimkuta mkewe kaiweka laptopu juu ya kioo cha kaunta. Hakuwa ameifungua. Alikuwa anaibonyeza pembeni kwa kidole, nayo inayumba.

"Baba Pacha," alisema kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mteja, "hii haikai sawa. Tumbo limevimba. Nadhani ni betri, inaisukuma kibodi kutoka chini. Utaweka hata kumi, zitakufa zote. Na usiichaji tena, isije ikatuunguza."

Bisibisi akafungua chini. Betri ilikuwa imetuna kama mto. Aliona haya, lakini zaidi ya haya aliona uchungu, maana mwanamke huyu alikuwa ameona kwa kidole kimoja jambo lililomshinda yeye kwa siku tatu. Hata asante haikumtoka.

Betri ikabadilishwa. Mwalimu mkuu alipofika alibonyeza kila kitufe, akacheka kwa raha. "Nani kaligundua hili?"

Mama Pacha alikuwa anakunja waya. Hakuinua kichwa. Alimwachia mumewe nafasi ya kusema, na nafasi yenyewe ilikuwa pana, hata mchoyo angepita.

"Mimi," Bisibisi akasema. "Mambo haya yanataka uzoefu, mwalimu. Mama huyu ni msaidizi wangu tu."

Mashine kumi na mbili zikaletwa Jumatatu, zichukuliwe Ijumaa. Ya kwanza kuifungua, safu nzima ya vitufe haikuitika. Betri nzima. Kibodi ya nje inaandika. Akaweka mpya, kimya. Akaweka nyingine, kimya. Alihangaika nayo mpaka mchana, jasho likimtiririka ndani ya miwani, na alijua kabisa kwamba hajui.

Mwisho akageuza kiti.

"Mama Pacha, hebu nichungulilie hii."

Mkewe akaitazama ile mashine. Akaitazama kwa muda kidogo, na Bisibisi, aliyeishi naye miaka yote hiyo, akaona usoni mwake kwamba jibu ameshalipata.

"Mimi sijui, Baba Pacha," akasema taratibu, bila hasira. "Fundi ni wewe."

Akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani kuwapikia watoto. Zilibaki kumi na moja ukutani.