Magurudumu Yanayong'aa ya Bwana Deprez

Ndikumana Octave alikuwa na masikio yaliyosifiwa Uvira nzima. Ukimletea lori linalokohoa, hakufungua kitu kwanza. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, halafu akakuambia silinda gani imechoka. Alifanya kazi katika garaji la Mgiriki mmoja, Manolis, ambaye wote walimwita Patro, yaani bosi, kule Mulongwe karibu na mto, na mwaka wa 1956 alikuwa na miaka ishirini na tisa. Watu walipenda kazi yake. Walijua pia kwamba si mtu wa kucheka ovyo, na kwamba kila Jumamosi mchana alidandia lori la samaki kwenda Luvungi kumwona mama yake, Pudentienne, aliyekuwa mjane.

Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba kuna mtu aliyekuwa akimngoja yeye Octave, siku zote.

Mwaka wa 1943, Octave akiwa na miaka kumi na sita, agronomu, yaani bwana shamba mzungu wa pamba, aliyeitwa Deprez alifika Luvungi siku ya kupima mavuno. Nyandwi, baba yake Octave, alileta pamba pungufu, na nyingine ilikuwa imeoza kwa sababu mvua iliinyeshea ikiwa imeshafunguka shambani. Deprez hakutaka kusikia habari za mvua. Aliita polisi wawili, Nyandwi akalazwa kifudifudi pembeni ya mizani, mke wake na mtoto wake wakitazama, akachapwa fimbo nane. Aliposimama hakuweza kunyoosha mgongo. Alikaa miezi saba akitembea ameinama, akitema damu, akafa kabla ya majira ya kupanda. Deprez alikuwa ameshahamishwa, wengine walisema Kasai, wengine walisema amerudi kwao Ulaya.

Octave alimzika baba yake, akavuka kwenda Usumbura kujifunza ufundi wa magari. Alichagua kazi hiyo kwa hesabu ya kitoto lakini ya makusudi: wazungu wote wana magari, na magari yote huharibika. Siku moja gari la mtu yule litaharibika. Alingoja miaka kumi na tatu.

Mwezi wa saba, asubuhi ya Jumanne, gari dogo jekundu la viti viwili, lisilo na paa, la wale wanaopenda mbio, likaingia garajini likichechemea. Akashuka mzungu mnene mwenye mvi. Octave hakumtambua kwa sura. Alimtambua kwa sauti, alipofungua mdomo kumwita fundi.

"Mekanisye iko wapi?"

Octave akaifuta mikono yake kwa kitambaa, polepole.

"Ni minye, Bwana."

Deprez alikuwa ameteremka na gari lile mlima wa Kamanyola kama mwendawazimu, na mawe ya barabara yalikuwa yameyapinda magurudumu yote manne. Hayakuwa magurudumu ya bamba la chuma kama ya malori. Yalikuwa ya spoki, kama ya baiskeli lakini nene na nyingi zaidi, na spoki zaidi ya ishirini zilikuwa zimekatika. Jumapili alitaka kwenda nalo Usumbura, kwenye klabu yao ya pwani ya ziwa, akawaonyeshe wenzake. Patro Manolis akamwambia kwamba magurudumu mapya kutoka Ulaya yatachukua miezi mitatu.

"Lakini katika depo niko na seti mbili za zamani," alisema Patro. "Zote zinaingia kwenye gari yako. Njoo uchague."

Octave ndiye aliyezitoa nje, akazipanga juani. Seti ya kwanza ilikuwa ya kijivu, rangi imebanduka, inachukiza macho. Seti ya pili ilikuwa imepakwa kromu, inang'aa hata mtu angeweza kujinyolea ndevu humo. Patro aliinunua Usumbura bila kuuliza ilikotoka.

Octave alikuwa amezipima zote mbili zamani, siku zilipoingia. Kazi yenyewe ni rahisi kwa mwenye sikio: unalining'iniza gurudumu, unagonga spoki moja moja kwa spana. Spoki nzima huimba. Zile za kijivu ziliimba zote. Zile za kromu zilitoa sauti nzito, fupi, kama chungu chenye ufa. Zilikuwa zimelala majini muda mrefu mahali fulani, na kutu ilikuwa imezila ndani, pale spoki inapoingia kwenye ukingo, mahali ambapo kromu haionyeshi kitu. Siku ile alikusudia kumwambia Patro, kazi zikamzidi, akasahau.

Deprez hakuzitazama za kijivu mara mbili. Alipiga teke dogo la furaha kwenye gurudumu la kromu.

"Hizi."

Patro alikuwa mtu mwangalifu. Akamgeukia fundi wake. "Octave, weye unazijua. Hizi iko nguvu?"

Hapo Octave angeweza kusema neno moja tu na mambo yakaisha. Alimtazama Deprez, akaona shingo yake nyekundu, akaona vidole vyake vikicheza na funguo za gari. Alijisikia mtulivu kuliko siku zote za maisha yake.

"Iko nguvu, Patro."

Akafanya kazi siku mbili, na kazi ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alivalisha mipira. Alilizungusha kila gurudumu mbele ya kipande cha chaki, akikaza spoki hapa, akilegeza pale, mpaka likazunguka bila kuyumba hata upana wa ukucha. Alipaka grisi kwenye meno ya ekseli. Gurudumu la namna ile halina boliti nne au tano. Lina nati moja kubwa katikati, yenye mabawa mawili, inayogongwa kwa nyundo ya shaba. Za upande mmoja hukazwa kwenda kulia na za upande wa pili kwenda kushoto, ili mwendo wa gari wenyewe usizifungue. Octave alizigonga zote barabara. Alitaka akija mkaguzi asikute kosa hata moja la mkono wake.

Alhamisi mchana Deprez alikuja kuchukua gari. Alilizunguka, akapiga mluzi, akaketi kwenye usukani. Kisha akapigapiga kiti cha pili.

"Panda."

"Bwana?"

"Panda! Muntu aliyefunga magurudumu aonje kazi yake. Tunafika Sange, tunarudi."

Hilo Octave hakulipanga. Watu wa garaji walikuwa wanatazama, na Patro alikuwa mlangoni. Akikataa, wataulizana kwa nini. Aliwaza kwamba angeweza kusema anaumwa, ana lori la kumaliza, mama yake amemwita. Akapanda.

Wakaupita mtaa wa Songo, wakaacha ziwa nyuma, wakashika barabara ya uwanda wa Ruzizi. Deprez aliendesha kwa kasi, mkono mmoja nje, na upepo ukamfanya apende kuzungumza.

"Huku ninapajua," alipaza sauti. "Wakati wa vita nilifanya kazi ya pamba hapa mpaka Luvungi. Watu walikuwa bavivu! Fimbo ndiyo iliwafundisha."

Octave alimgeukia. "Bwana anakumbuka muntu mumoja wa Luvungi, jina lake Nyandwi?"

"Nyandwi gani?" Deprez alicheka. "Banyandwi balikuwa bengi. Kila nyumba iko na Nyandwi wake."

Muda mfupi baadaye, sikio la Octave likanasa mlio mdogo upande wa mbele kushoto. *Tik.* Spoki moja. Deprez hakusikia kitu. Wakapita Kiliba. *Tik.* Kisha mbili kwa pamoja. Octave aliushika ukingo wa kioo cha mbele kwa mkono wa kulia. Alijua kwamba bado kuna nafasi ya kusema simama, na alijua hatasema. Alisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba wakati ule hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kwamba spoki zingevumilia mpaka Sange.

Hazikuvumilia. Kwenye kona iliyo kabla ya daraja dogo la mawe, gurudumu lilikunjamana kama kofia iliyokaliwa. Gari likaenda upande wa kushoto, likagonga ukuta wa daraja kwa ubavu wa dereva, likageuka na kusimama likiwa limekwama nusu mtaroni.

Kioo cha mbele kilikuwa kimeviminya vidole vya Octave. Aliuvuta mkono akauona, vidole vitatu havikuwa tena na umbo la vidole. Hakuhisi kitu bado. Deprez alikuwa amebanwa na usukani, nyonga imepondwa, na alikuwa analia kwa sauti ya juu kama mtoto.

"Toa minye! Toa minye hapa!"

Octave alimwinamia karibu kabisa, uso kwa uso.

"Nyandwi wa Luvungi, yule wa fimbo nane mbele ya mizani. Minye ni mutoto wake. Hizi gurudumu nilijua zimeoza."

Deprez alimkodolea macho. Octave alitafuta humo dalili ya kukumbuka, akatafuta sana. Hakuona ila maumivu. Kisha mzungu akazimia, na wakulima wakaja mbio kutoka mashambani, wakasaidiana kumtoa.

Deprez hakufa. Alipelekwa Usumbura, na kutoka huko Ulaya kwa ndege, akiwa amelala kwenye machela, na habari zilizofika baadaye zilisema hatasimama wima tena. Kama alisema chochote kuhusu maneno ya kwenye daraja, walidhani ni homa. Mkaguzi alikuja garajini. Patro alieleza kwamba mteja alichagua mwenyewe, mbele ya watu wote. Mkaguzi akapima nati, akaona ufundi safi. Akamtazama Octave na mkono wake uliofungwa bandeji, akaandika kwamba ni ajali. Nani angepanda gari analojua litavunjika?

Vidole vitatu vilikatwa. Patro alimbakiza kazini kwa ajili ya masikio yake, lakini spana hakuishika tena sawasawa.

Jumamosi ya kwanza aliyoweza kusafiri, alikwenda Luvungi. Mama yake alikuwa ameketi mkekani akibambua maharage. Octave akamweleza yote bila kuficha, hata uongo aliomwambia Patro, hata milio ya spoki. Alipomaliza, mama akauliza jambo moja.

"Alilia?"

"Alilia, mama. Alilia sana."

"Baba yako hakulia." Aliendelea kubambua, ganda moja, mawili, matatu. Kisha akausukuma ungo pembeni na kunyoosha mikono yake yote miwili.

"Haya mwanangu, sogea. Leta huo mukono niuone."