Ngitili ya Mlimani

Harufu ya nyasi ndefu zilizokaukia mlimani, ikichanganyika na vumbi na samadi, ndiyo harufu ya utoto wangu. Kwetu ni upande wa Mwakitolyo, chini ya kilima cha mawe ambacho ubavu wake mmoja ulikuwa ngitili yetu, yaani malisho tunayoyafunga mvua zikianza na kuyafungua kiangazi kikikaza, wakati mbugani hakuna tena cha kulisha. Miezi hiyo yote mifugo haikanyagi pale. Sisi watoto tulipanda kuchuma furu tu, na kunywa maji ya chemchemi iliyotoka chini ya mawe, baridi hadi meno yanauma.

Mwaka mmoja, nikiwa darasa la tatu, walikuja wachimbaji wadogo. Kiongozi wao, Ramadhani, kijana mpole kutoka Singida, alimwamkia baba, akaeleza kwamba mawe ya ubavu ule yana dalili ya dhahabu. Akiwaruhusu wachimbe, naye atapata fungu lake. Majirani walifurahi, maana vijana wao wangepata kazi. Baba naye alivutiwa. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na kwa muda mrefu alikuwa akitamani bati.

Mama hakubisha mbele ya wageni. Walipoondoka alimfuata baba zizini, ambako nilikuwa nimemshika ndama.

"Baba Kabula, hao wakichimba, mchanga wao wataoshea wapi?"

"Kwenye chemchemi."

"Na miti ya kushikilia mashimo yao?"

Baba aliinama akaanza kufunga kamba ya ndama.

"Basi kiangazi kikifika, ng'ombe watakula nini, watakunywa nini?"

Baba aliendelea kufunga kamba kana kwamba hakusikia. Lakini asubuhi alipanda mlimani peke yake, akakaa huko hadi jua likawa kali. Aliporudi, alimwambia Ramadhani haiwezekani. Ramadhani alishukuru, akaenda na wenzake kwenye kilima cha jirani.

Wengi walituchukia. Mzee Shija, ambaye boma lake lilipakana na letu, alisema kisimani mbele za watu kwamba baba anaabudu nyasi huku wenzake wana njaa, na akaacha kuitikia salamu zetu. Mama aliendelea kumsalimia vilevile.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Ng'ombe wa Shija walidhoofu hadi wakawa hawainuki bila kuinuliwa. Siku baba alipofungua ngitili, nilimwona Shija amesimama mpakani na mifugo yake, hasogei. Kwa hasira za kitoto nilitamani afukuzwe. Baba alimwendea.

"Wapitishe upande wa juu, nyasi bado nyingi."

Shija alivua kofia. "Masanja, nilikusema vibaya."

"Nilisikia. Wapitishe, jua linapanda."

Jioni ile mke wa Shija alimletea mama ungo wa michembe, viazi vitamu alivyovikausha mwenyewe, wakakaa wakiongea hadi giza likaingia.

Siku hizi naishi Nyahanga, mjini Kahama, na maziwa nanunua ya pakiti. Kile kilima cha jirani kilitoa dhahabu kweli, na baadhi ya walioipata walijenga. Leo kimebaki mashimo ambayo watu huwakataza watoto kuyakaribia. Sisi bati tulilipata miaka mingi baadaye, kwa kuuza ng'ombe. Likizo iliyopita niliwapeleka wanangu nyumbani, na kaka yangu, anayeitunza ngitili sasa, akatupandisha mlimani. Nyasi zilimfika binti yangu kifuani. Alitazama huku na huku akitafuta uzio, asiuone.

"Mjomba, nani anawazuia watu wasiingize ng'ombe?"

Kaka alicheka. "Hakuna anayewazuia. Wanajua tu kwamba bado hatujafungua."