Tundu Tupu la Rivolva ya Aabo

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji wa Garissa, sisi maofisa tuliopewa bastola mpya, na mkufunzi akafanya jambo lililonishtua. Aliishika bastola moja, nyeusi na nyepesi, kitako chake cha plastiki ngumu, akatuonyesha kwamba haina risasi, kisha akaiachilia makusudi ianguke kwenye saruji.

"Hata ingekuwa na risasi isingefyatuka," alisema. "Ndani mna vizuizi. Kidole kisipovuta kifyatulio, pini haisogei."

Wenzangu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Sauti ile ya chuma kugonga saruji ilikuwa imenirudisha Modogashe, nikiwa darasa la tatu, na birika la chai mkononi.

Rafiki yangu, kama umepita Modogashe siku hizi ukaona maduka ya simu, hutaijua ile yetu. Nyumba za polisi zilikuwa chache, za mabati na sakafu ya saruji, na mbele yake malori ya kutoka Wajir yalisimama kupumua kabla ya kushika njia ya Isiolo. Asubuhi niliamshwa na kengele za mbao za ngamia na harufu ya anjera, mikate myembamba ya Kisomali, juu ya makaa. Kazi yangu ilikuwa kufagia vumbi mlangoni, na ukimaliza kufagia upepo unalirudisha, kwa hiyo nilifagia siku nzima. Bibi yetu, mama yake baba, ambaye kwa Kisomali tulimwita ayeyo, alikaa mkekani akichagua mawe kwenye mchele na kunielekeza pa kufagia.

Baba, aabo, alikuwa inspekta wa polisi. Kwao ni Hadado, upande wa Wajir, na alikuwa mtu wa maneno machache isipokuwa ukimtajia ngamia au rivolva yake. Ilikuwa rivolva ya zamani sana, ya chuma kizito, kitako cha mbao kilicholainishwa na mikono ya maofisa waliomtangulia. Ijumaa akitoka msikitini alitandaza gazeti, akatoa risasi zote, akazipanga mbali, kisha akaanza kusafisha. Harufu ya mafuta ya bunduki ilichanganyika na ubani wa ayeyo, na hadi leo nikisikia moja naitafuta nyingine. Niliruhusiwa kukaa karibu kwa sharti moja alilolirudia kila Ijumaa: "Macho yaangalie, mikono ikae mgongoni."

Jirani yetu alikuwa inspekta kijana kutoka bara, mchangamfu, aliyependa chai ya hooyo, yaani mama yangu, kuliko ya kantini. Yeye alikuwa na bastola ya kisasa, bapa, ambayo magazini yake, kile kisanduku cha risasi, huingia ndani ya kitako. Ubishi wao ndio ulikuwa redio yetu.

"Mzee, hiyo yako ni ya makumbusho," jirani alimwambia. "Yangu inabeba risasi mara mbili ya zako. Zikiisha, nachomoa magazini, naingiza nyingine, naendelea."

"Sawa, lakini fumbi la huku halina adabu," aabo alijibu kwa Kiswahili chake, ambacho v hugeuka f. "Likiingia hapo ndani, bastola inakwama. Utasimama mbele ya jambazi ukiitikisa kama redio. Yangu risasi moja ikikataa, nafuta tena tu. Silinda inazunguka, inaleta nyingine."

Wote wawili walisema kweli. Siku moja baada ya doria yenye upepo mkali, bastola ya jirani ilikwama kweli kwenye shabaha, akaikoki, ikatema risasi iliyokwama, akaendelea. Lakini siku hiyo hiyo alipiga shabaha nyingi kuliko aabo, na aabo alirudi nyumbani akisema jua lilikuwa machoni.

Jambo lililomchekesha zaidi jirani ni kwamba rivolva ilikuwa na matundu sita ya risasi, na aabo alitia risasi tano. Tundu moja, lile lililokaa chini ya nyundo inayogonga risasi, aliliacha tupu.

"Sasa mzee, tayari unazo chache, na moja unaiacha nyumbani?"

"Hii ni ya zamani, haina kizuizi. Ukijaza zote, nyundo inalalia risasi. Ikigongwa kwa nyuma, inalia yenyewe. Mkufunzi wangu alinifundisha hivyo nilipokuwa kijana kama wewe."

"Na itagongwa na nani?"

 Jibu la swali hilo lilikuwa kwenye kibanda cha mbuzi.

Ayeyo alikuwa na mwanambuzi aliyefiwa na mama wakati wa ukame. Alimlea kwa maziwa ya chupa hadi akajiona ni mtu. Aliingia ndani atakavyo, akala gazeti, akala kamba, akala kona ya mkeka. Alasiri ile aabo alikuwa ametoka kusindikiza malori njia ya Liboi, amejaa vumbi. Jirani alikuja naye kunywa chai. Aabo alivua mkanda, akaifungua ala ya rivolva tayari kwa kusafisha, akauning'iniza mkanda kwenye mgongo wa kiti. Adhana ikalia. Akatoka nje kutawadha.

Nilikuwa naingia na birika nilipomwona mbuzi ameushika mkanda kwa meno. Niliita, "Hoo!" Akashtuka, akavuta. Kiti kikainama, rivolva ikateleza kutoka kwenye ala, ikaanguka na nyundo yake chini, kwenye saruji.

Ilitoa mlio mmoja mkavu wa chuma. Ikatulia, na mdomo wake umeelekea mkekani, alipokuwa ayeyo ameketi na mdogo wangu wa kiume, mchanga bado, amelala mapajani mwake.

"Mtoe huyo mbuzi," ayeyo alisema bila kuinua macho kwenye mchele.

Nilimtazama jirani. Uso wake ulikuwa umekauka. Alienda polepole, akaiokota rivolva, akageuza mdomo wake ukutani na kufungua silinda. Akayahesabu matundu kwa kidole. Aabo aliingia, maji yakimdondoka mikononi.

"Imeanguka," jirani alisema. "Kwa nyundo. Ilikuwa inawaangalia." Alionyesha mkeka kwa kidevu. Kisha akamwonyesha lile tundu tupu, na aliponena tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Mzee, nisamehe kwa kicheko changu."

 Aabo alipiga magoti mkekani, akachukua mkono wa mama yake uliojaa unga wa mchele, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Sikuwa nimewahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo. Ayeyo alimuuliza kama ni malaria.

Alipoelezwa, alisema alhamdulillahi mara nyingi, akambana mtoto hadi akaamka kwa kilio. Kesho yake aabo alichinja sadaka, majirani wakala, hata madereva wa malori. Alitaka kumchinja yule mwanambuzi. Ayeyo alikataa katakata. "Yeye ni mnyama," alisema. "Aliyening'iniza chuma kitini ni wewe." Tangu hapo mkanda ulifungiwa kwenye sanduku la chuma, hata kama ni wakati wa kutawadha, na jirani naye akaanza kutoa risasi kwenye bastola yake kabla ya kuvuka kizingiti chetu.

Baadaye aabo naye alipewa bastola ya kisasa. Aliikagua wiki nzima kama mtu anayenunua ngamia, akakiri kwamba waliotengeneza vile vizuizi vya ndani Mungu awabariki. Rivolva ilirudishwa ghalani, na sijui iliishia wapi. Nyumba zile za mabati zimebomolewa. Jirani alihamishwa, na kwa miaka mingi alitupigia simu kila Idi.

Ayeyo aliishi sana baada ya alasiri ile. Alinisuka nywele siku niliyokwenda shule ya bweni. Alimhoji mchumba wangu mpaka akatokwa jasho. Nilipovaa sare ya polisi kwa mara ya kwanza alininyamazia siku mbili, ya tatu akaniombea dua. Mdogo wangu sasa ni mwalimu Wajir, na ana kelele kuliko wanafunzi wake.

Aabo alipostaafu nilimuuliza kama huwa anaikumbuka siku ile. Tulikuwa uani kwetu Garissa, na ayeyo alikuwa ndani akilalamika kwa sauti kwamba mwanawe amemletea chai ya baridi.

"Kila anaponigombeza," alisema, akainuka kwenda kuipasha moto.

Ayeyo alituacha mwaka uliofuata, usingizini, mzee kabisa. Siku hizi aabo hunywa chai ikiwa imepoa, na hakuna wa kumgombeza.