Shangazi Niliyemzika kwa Sifa za Mtu Mwingine

Siku tuliyomzika shangazi yangu Nabintu naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, Mwanangu, na kama ningepewa kufuta siku moja ya maisha yangu, ningeifuta ile. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nasoma mwaka wa tano wa sekondari hapa Uvira, na shule nzima iliniita Poeti, yaani mshairi. Basi kichwa kikavimba! Nilizunguka mtaa wetu wa Nyamianda na daftari kwapani hata nikitumwa chumvi.

Shangazi ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Kazi yake ilikuwa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alizipokea asubuhi kwa wavuvi, akazianika mchangani, akashinda juani kuzigeuza na kufukuza kunguru. Kusoma hakujua. Lakini kila nilipoandika alikuja kukaa karibu yangu, kimya, kama mtu anayeota moto. Siku moja akaniambia, "Minye nikikufa, ni weye utanisema mbele ya batu. Usiachie pasta." Tukacheka sana. Nikamwahidi, na ahadi ni deni.

Haukupita mwaka akaugua, akafa.

Kilio cha kwetu unakijua. Si kuzika tu. Watu hulala kwenye mikeka pale uwanjani, wasichana huchota maji na kupika, na waliomjua marehemu humsimulia: huyu analeta la utoto wake, yule la ugomvi wao, wanalia, wanacheka, wanalia tena. Mimi nikaona hayo ni ya watu wasio na kazi. Nilikuwa na shairi la kuandika mimi! Nikachukua daftari nikajifungia kwa rafiki yangu kule mtaa wa Kimanga siku mbili nzima, nikisaka maneno mazito ya Kifaransa. Wanasema elimu ni bahari. Sisi wa Uvira tuna ziwa tu, lakini nalo linazamisha vilevile.

Siku ya mazishi nikasimama kando ya jeneza, nikasoma, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Nilimwita shangazi malkia wa Tanganyika. Nilisema alikuwa mpole kama njiwa, kwamba hakuwahi kupandisha sauti, kwamba aliondoka akitabasamu. Nilipomaliza nilitazama watu nione machozi. Hakuna aliyelia. Mzee mmoja alikohoa. Wanawake wa ndagala walikuwa wanatazama chini, na nilijua hapohapo kwamba nimeharibu, ila sikujua nini.

Jibu nilipewa na Mama Faida. Huyu alikuwa mwenzake shangazi wa miaka yote pale mchangani, na ndiye aliyemuosha. Tuliporudi nyumbani alinivuta pembeni. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Mutoto, ule muntu ulisema ni nani?"

"Ni shangazi, Mama."

"Hapana. Minye nilimuosha Nabintu, nilimushika mukono akikufa. Alikufa na maumivu, akiuliza kama umetoka masomo. Na mupole? Nabintu? Alipiganaga na polisi juu ya kikapo yake! Weye ulikala wapi hizi siku zote, batu wakimusema?"

Nikajibu kwamba nilikuwa naandika. Mwanangu, aibu niliyoisikia nilipotamka neno lile bado naisikia.

"Sawa," akasema. "Kesho kuja na ndoo."

Nikaja na ndoo. Nilichota maji na kuosha sahani mpaka siku ya kuondoa kilio, nikakaa mkekani na wanawake wale, na sikuandika kitu. Ndipo nikasikia. Shangazi aliachishwa shule angali mdogo ili baba yangu asome. Shangazi alizika watoto wawili kabla sijazaliwa. Asubuhi moja wakaanza kuimba wimbo wa kugeuza ndagala, wimbo nilioukuta na kukua nao, kila mwanamke wa ufukwe ule anaujua:

Jua, ngoja kidogo, usishuke,
mutoto iko kwa masomo, atarudi na njaa.

Nikauliza, wimbo huu ni wa nani? Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilichelewa miaka kumi na saba. Mama Faida akanitazama, safari hii kwa huruma. "Ni wa Nabintu. Nyimbo zote ni zake, na zile za kuchekesha. Mutoto ni weye."

Nililia mpaka wakaniletea maji ya kunywa. Nililala nyumba moja na mshairi, nikala sahani moja naye, na nikaenda kutafuta ushairi Kimanga! Naye aliniomba jambo moja tu duniani, nikamzika kwa sifa za mtu mwingine. Baadaye niliandika mashairi mengi juu yake, mengine mazuri, usinione najisifu. Lakini kaburi lilikuwa limefungwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nije kwako. Umenitumia mimi mwalimu wako kwenye simu shairi ulilomwandikia mama yako, nilisahihishe kabla ya mashindano ya shule. Vina vimekaa, Kifaransa chako kinanishinda hata mimi niliyekifundisha maisha yote. Umemwita nyota ya milima. Mwanangu, mama yako yuko Bijombo, kule juu milimani, mzima, anaamka kukamua ng'ombe. Umemuuliza nini? Unajua alitaka kuwa nani kabla hajawa mama yako?

Sijagusa hata mstari mmoja. Soma, chukua diploma yako, penda vitabu, asikudanganye mtu kwamba mshairi hahitaji shule. Lakini kabla hujamsema mtu, kaa naye. Beba maji yake, mchokoze acheke, msikilize hata akirudia hadithi ileile mara ya tano. Likizo hii panda kwake na uache mashindano yapite, yatakuja mengine.

Mungu akupe masikio, kalamu utaipata tu. Akufungulie njia ya kupanda mlima, akushushe salama. Na mama yako, Mwanangu, akutunzie akiwa hai mpaka umjue.