Kifua cha Mwoka Mikate

Bouazza alioka mikate ya kichochoro kizima cha mji wa Fes kwa miaka thelathini na minne. Kina mama walimletea madonge ya unga uliokandwa juu ya vibao, naye bila alama yoyote alijua mkate upi ni wa nyumba ipi. Nia za watu, alidhani anazijua pia.

"Nesi kaacha ujumbe," mkewe Yamna alimwambia. "Siku ya Jumanne anakuja kumpima kifua mwoka mikate. Eti wanataka watu wa mji wapumue vizuri."

"Wapumue! Wanatafuta ushahidi, mke wangu. Wakisikia kikohozi hiki, tanuri wanalipiga kufuli."

"Mwanamume wewe, unakohoa mpaka chai inamwagika. Si upimwe tu?"

"Ndiyo maana sipimwi!"

Akili nyingi huondoa maarifa. Siku ya Jumanne Bouazza akamketisha shemeji yake Hmidou, mchukuzi wa mizigo, mbele ya tanuri, akampa koleo la kuokea. Mwenyewe akajibanza nyuma ya kuni, kitambaa mdomoni. Kina mama waliona yote, wakanyamaza; tanuri likifungwa, nani angewaokea?

Nesi Siham, ambaye hakuwahi kumwona Bouazza, akatoa kibomba cha kupimia pumzi. "Puliza kwa nguvu, bwana."

Hmidou akapuliza.

"Mashaallah! Miaka yote hii kwenye moshi?"

"Mafuta ya zeituni hayo, binti yangu," Hmidou akajibu, na wanawake wakafunika midomo.

Siham akaandika kwenye karatasi, akapiga muhuri. "Basi nimekosea nyumba. Tuna bomba jipya la moshi na dawa za bure kwa mwoka mikate mmoja, aliye mgonjwa kuliko wote. Atapewa yule wa tanuri la chini, la kichochoro cha pili."

Yamna akageuka haraka kuelekea kwenye kuni. Bouazza akamtikisia kichwa kwa hasira. Mtego huo! Anasema hivyo ili nitoke, aliwaza. Akakibana kikohozi mpaka machozi yakamtoka, na nesi akaenda zake.

Wiki ya tatu bomba lilisimama juu ya tanuri la chini, refu, linang'aa. Bouazza alishuka ngazi kwenda kuhakikisha kwa macho yake. Katikati pumzi zikamkatika, akakaa chini, aibu ikamjaa. Yamna, aliyekuwa akimfuata, akakaa kando yake.

"Nitakwenda kwa yule nesi," Bouazza akasema kwa shida. "Nitamwambia mgonjwa ni mimi."

"Mwambie," Yamna akasema. "Lakini karatasi yenye jina lako inasema u mzima."