Mama na Mkojo Wake

Jumanne, kwenye duka la dawa Thamesmead, huku ughaibuni, mama mmoja Mkenya mbele yangu kwenye foleni aliomba kipimo cha figo, kile cha kuchovya kwenye mkojo nyumbani. Figo zilimuua dadake, na miadi yake ya daktari ni mwezi ujao.

"Serikali imeviondoa, mama," akasema muuzaji, Mhindi wa Kisumu. "Inasema mtasoma vibaya mpate hofu bure."

"Hofu ninayo, mwanangu. Nimekuja kutafuta jibu."

Muuzaji akakuna shingo. "Kilichobaki ni cha mimba."

"Na miaka sitini hii?"

Mama akafunga mkoba, akaondoka na hofu yake.

Wakati wa korona serikali hiyohiyo ilituletea vipimo mlangoni. Mimi niliyeikimbia shule nilijichokonoa pua, nikasoma mistari vizuri kuliko profesa, na serikali ikaniamini. Leo mama mzima anakatazwa kuuangalia mkojo wake mwenyewe.